Chanjo Moja, Magonjwa Mengi: Je, Nguruwe Wetu Wako Salama?

Msomaji mpendwa, ukisikia nguruwe wakilia nyuma ya mabati usikimbilie kuziba pua. Huenda hao ndio karo ya mtoto wa mtu.

Shangazi yangu, ambaye hufuga wanane hapa Makongeni, mjini Thika, aliniuliza majuzi, "Mwanangu, tangu 2001 watoto wetu hudungwa sindano moja ikakinga magonjwa matano, dondakoo na pepopunda yakiwemo. Mbona nguruwe wangu wasipate yao?"

Ukweli ni kwamba ipo. Ziko chanjo za nguruwe jike zinazounganisha kinga ya magonjwa matatu: erisipela, ambayo hutia ngozi mabaka mekundu, parvo, ambayo huua watoto wangali tumboni, na leptospirosi, ambayo huharibu mimba na huweza kumwambukiza hata binadamu. Faida yake ni wazi. Mnyama hadungwi mara tatu, naye mfugaji hamwiti daktari mara tatu. Isitoshe, mama aliyechanjwa huwapa wanawe sehemu ya kinga hiyo kupitia dang'a, yale maziwa ya kwanza.

Lakini tahadhari! Muungano huo hufanywa kiwandani, baada ya majaribio ya kuhakikisha kwamba chanjo moja haidhoofishi nyingine. Usichukue chupa mbili ukazichanganya katika bomba moja la sindano ati unabana matumizi. Pia, chanjo huhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ikishinda juani mfukoni mwako, unadunga maji tu.

Kubwa zaidi, msomaji, ni hili: hakuna hata moja kati ya hizo tatu inayozuia homa ya nguruwe ya Afrika, maradhi yaliyoelezwa na wataalamu kwa mara ya kwanza humu humu Kenya mnamo 1921. Homa hiyo haimdhuru binadamu, lakini huweza kumaliza zizi zima kwa siku chache, wala haina dawa. Vietnam iliidhinisha chanjo zake mnamo 2023, lakini mfugaji wa Makongeni asikae akizingoja.

Mlango wake mkubwa ni makombo. Mnamo 1957 ilifika Lisbon, Ureno, kupitia mabaki ya chakula cha ndege waliyolishwa nguruwe. Makombo ya hotelini yenye vipande vya nyama ni hatari iyo hiyo. Yachemshe kwa nusu saa, ukikoroga, kisha yapoe. Mgeni asiingie zizini na viatu alivyovaa kwa jirani. Nguruwe mgeni atengwe mwezi mmoja. Akifa mmoja ghafla, usimchinje wala usimuuze. Mwite afisa wa mifugo.

Nilipomweleza hayo, shangazi alinyamaza kidogo, kisha akauliza bei ya sufuria kubwa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sindano huziba nyufa tatu. Ule wa nne, msomaji, huzibwa na moto wa jikoni.