Mto wa Buluu

Mwaka 1986 nilikuwa kidato cha pili katika shule moja karibu na Garsen. Sauti yangu ilikuwa inavunjika, kwa hiyo sikupata nafasi katika mchezo wa kuigiza; nikapewa mandhari. "Chora mto," mwalimu akasema, akanikabidhi shuka kuukuu na mkebe wa rangi uliosazwa walipopaka milango.

Rangi ilikuwa buluu, nami nikachora mto wa buluu. Siku ya mazoezi akina mama waliotoka shamba la mpunga walisimama dirishani. Mmoja akaniuliza, "Mwanangu, huo mto wa wapi?" Wenzake wakaangua kicheko. Nyuma ya darasa Tana ulikuwa ukipita na rangi yake ya chai ya maziwa, umebeba udongo wa bara.

Sikujirekebisha. Niliipaka buluu hiyo miaka mingi, majukwaani na kwenye kuta za hoteli. Jukwaa halikumlisha mtu. Mabango ya maduka ndiyo yaliyonisomeshea watoto. Kisha ikaja mitambo ya kuchapisha plastiki, shule zikaanza kuagiza pazia lililo tayari. Siku moja nikaona wavuvi wa Kipokomo wakipiga kasia mbele ya picha ya misonobari na theluji. Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililoniuma.

Mwalimu mmoja kijana alinionyesha picha ya jukwaa alilobuni Lyubov Popova kule Moscow mwaka 1922, katika mchezo ulioongozwa na Meyerhold. Hadithi ni ya kwenye kinu, lakini kinu hakikuchorwa: ni mbao tupu, ngazi na magurudumu yanayozunguka. Na Popova alikuwa mchoraji hodari! Nikaukumbuka mtumbwi wa babu, uliokuwa umelala ukingoni siku ile ile nilipokuwa nikihangaika na shuka.

Mwaka juzi wanafunzi waliponiomba mto, tuliazima mtumbwi. Watu wanane waliupandisha jukwaani, ungali unanuka kambare. Nyuma tukatundika majamvi, nikayapaka matope ya ukingoni yaliyochanganywa na gundi. Gundi ilikuwa kidogo. Katikati ya onyesho matope yalikauka, yakapasuka, yakaanza kumdondokea mpiga kasia mabegani. Hakukatiza maneno yake. Alijipangusa kwa kiganja, na mama mmoja kiti cha mbele akamwambia kwa sauti, "Pole, baba, ukingo huo unamong'onyoka."