Mfukare: Siku Moja Ngazija

Wapenzi wa lugha, neno fungate tunalijua sote: ni zile siku saba ambazo bwana na bibi harusi hukaa ndani baada ya ndoa. Lakini ni wachache wanaojiuliza kwa nini siku ni saba, ilhali neno lenyewe halina hata silabi moja ya saba. Jawabu la swali hilo nililiokota mbali na nyumbani, juu ya mawe meusi ya kisiwa kilichozaliwa na volkeno.

Mimi ni Mkuria wa Tarime. Nilifundisha Kiswahili na Jiografia katika shule za sekondari, nikamalizia utumishi wangu Mugumu, wilayani Serengeti. Nilipostaafu, wanangu walichanga fedha wakanilipia safari ya meli ya matembezi, kutoka Unguja kwenda visiwa vya kusini. Siku chache kabla sijaondoka, mjukuu wangu aliyezaliwa na kukulia Mwanza aliniuliza: “Babu, Kikuria kina faida gani? Hata kuhesabu, siku hizi hakuna anayehesabu kwa Kikuria.” Aliuliza kwa heshima, bila kebehi, na ndiyo maana swali lilinichoma. Nilipanda meli nikiwa nalo kifuani.

Bandari ya Moroni ina kina kifupi, hivyo meli kubwa hutia nanga nje na abiria huteremshwa kwa mashua. Mbele yetu ulisimama Msikiti wa Ijumaa wa kale, mweupe, wenye matao, ambao asili yake ni mwaka 1427. Nyuma ya mji ulipanda Mlima Karthala, mita 2,361 kutoka usawa wa bahari, kichwa chake kimefunikwa na mawingu. Ni volkeno hai: mwaka 2005 pekee ulilipuka mara mbili.

Kijana aliyetupokea alikuwa amesoma Dar es Salaam, na Kiswahili chake kilikuwa safi. Alipojua kazi niliyoifanya maishani, akaanza kuniita “fundi”. Nikamwambia sijui kushika hata randa. Akacheka, akanieleza kwamba kwao fundi ni mwalimu. Nilipomnunulia maji ya kunywa akasema, “Marahaba.” Nami, ambaye kwa miaka mingi nimelitumia neno hilo kuitikia shikamoo, nikasita nikisubiri kilichobaki. Hakikuwapo: marahaba kwao ni asante. Katika nusu saa nilikuwa nimekutana na maneno mawili ya nyumbani yaliyovaa nguo nyingine.

Tulikwenda kusini kwa gari hadi Singani. Mwaka 1977 ubavu wa Karthala ulipasuka, na mto wa moto ukashuka ukaangamiza sehemu kubwa ya kijiji hicho. Watu walirudi wakajenga upya. Nilikanyaga mawe yale, mepesi, makali, yenye vitundu kama mkate wa ufuta. Kijana akaniambia kuwa Ngazija haina mito ya kudumu, kwa kuwa mvua hupenya katika mawe hayo na kupotea. Ndiyo sababu nyumba nyingi zina birika la kuhifadhi maji ya mvua. Na majivu ya mwaka 2005 yalipoingia katika mabirika, watu walikuwa na mlima juu yao lakini hawana maji ya kunywa.

Kando ya barabara, mama mmoja mzee alikuwa akimhesabia mnunuzi nazi. Nilisikia: “... ndraru, nne, ntsanu, ndradaru, mfukare ...” Nikamwomba kijana amsihi arudie. Mama akanitazama kwa mshangao, akarudia taratibu, akifikiri mgeni ana mashaka na idadi. Mfukare ni saba.

Wapenzi, kwa Kikuria saba ni muhungate.

Liangalieni neno hilo kwa makini. T ya Kiswahili mara nyingi huwa r katika Shingazidja: tatu ni ndraru. Basi mfukare, ukiirudisha t na kuweka ng mahali pa k, inakupa mfungate. Muhungate nayo, ukiweka f mahali pa h, inakupa mfungate ileile. Zamani Waswahili nao waliitumia, kabla ya kupokea saba kutoka Kiarabu, pamoja na sita na tisa. Neno la kale halikufa; lilijificha katika chumba cha maharusi, likabaki fungate. Hali kadhalika kenda, ambalo washairi wetu bado hulikumbuka wanapohitaji tisa ya kale: Wakuria husema kenda, Wangazija husema shenda, kwani ki yetu kwao huwa shi.

Sidai kwamba Wakuria na Wangazija ni ndugu wa karibu. Ninachosema ni kwamba lugha hizi tatu ziligawana urithi mmoja wa Kibantu, na kila moja ilitunza kipande chake. Anayetaka kukijua Kiswahili vizuri atakikuta pia nje ya Kiswahili: kwa mama wa Singani na kwa bibi wa Tarime anayehesabu ng'ombe. Lugha hizi zikinyamaza, Kiswahili kitabaki na fungate bila kujua ilikotoka.

Nilipofundisha Jiografia niliwaambia wanafunzi kwamba udongo wa nyanda za Serengeti umejengwa kwa majivu ya volkeno za nyanda za juu za Ngorongoro na Oldonyo Lengai. Nyumbu hula majani yaliyooteshwa na moto wa zamani. Na maneno ndivyo yalivyo: hulishwa na yaliyotangulia, ingawa mlaji hayaoni.

Jioni, meli ilipong'oa nanga, nilimpigia mjukuu simu nikamfundisha nambari moja tu, muhungate, pamoja na habari zake. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: “Na nane je, Babu?”

Sasa tumefika ishirini. Nanyi wasomaji, mnaosema Kihaya, Kigogo, Kinyamwezi au Kimakonde, tuandikieni: kwenu saba ni nini?