Mali ya Ijumaa na Mali ya Jumatatu

Watajwapo watu wa makabila ya India, fikra zetu huenda milimani na misituni. Wachache wajuao kwamba miongoni mwa waliotambuliwa na sheria ya nchi ile kuwa watu wa makabila wamo Waislamu wa visiwa vya Lakshadweep, magharibi ya pwani ya Kerala. Watu wa bahari na minazi, wafuasi wa madhehebu ya Shafi kama wengi wetu.

Kwao ukoo hufuata mama. Nikaha hufungwa na mahari hutolewa, lakini kwa desturi ya zamani, ambayo siku hizi imepungua, bibi harusi hahami kwao. Mume humwendea usiku, na asubuhi hurejea kwa mamake. Leela Dube, aliyeandika kitabu juu ya kisiwa cha Kalpeni mwaka 1969, alieleza jinsi desturi hiyo na Uislamu vilivyokaa nyumba moja. Wala mtu asidhani kuwa wanawake hutawala. Msimamizi wa mali ni mjomba.

Mali yenyewe ni namna mbili. Mali ya Ijumaa ni ya ukoo, hupita upande wa mama. Mali ya Jumatatu ni aliyoichuma mtu mwenyewe, nayo hurithiwa kwa sheria ya mirathi. Mashekhe watahoji ile ya kwanza, na wana haki. Mimi naiona kama jirani ya wakfu. Lililonigusa ni jingine: huko talaka ikitoka, anayebeba sanduku si mke.

Dada yangu alipoachwa alirudi kwetu na watoto watatu, akakuta chumba chake kimeshapewa mke wa kaka yetu. Alilala ukumbini miezi saba, na hakuna aliyemfukuza, wala aliyemwambia kaa.

Wazee wa Lamu waliojiweza walimpa binti nyumba kabla ya kumwoza, kwa hiyo jambo hili si geni kwetu. Binti yangu ataolewa Mfungo Sita, inshallah. Nimempa hiba orofa ya chini mbele ya mashahidi, na ufunguo nimemkabidhi. Nduguze wawili nimewapa shamba, kila mmoja fungu la thamani hiyohiyo.

Mkubwa wao akaniuliza, "Baba, na shemeji atakuwa nani humo ndani?"

Nikamwambia, "Mgeni wa heshima, mwanangu."