Kupima Eneo la Ukuta wa Mviringo

Katika kuwasimamia wanachuo wakati wa mazoezi ya kufundisha katika shule za upande wa Maganzo, mara nyingi tumeona kanuni ya eneo ikiandikwa ubaoni, ikakaririwa na darasa zima, kisha ikafutwa bila kumfaa mtu. Ilhali nyumba ya msonge ya Wasukuma ni somo tosha la duara, nalo halihitaji kununuliwa.

Tuchukue mfano wa ukuta wa nusu duara utakaojengwa kwa matofali mabichi, wenye kipenyo cha meta 4.2 na kimo cha meta 2. Wapeleke wanafunzi uwanjani. Kigingi kimoja na kamba ya meta 2.1 vyatosha kuchora msingi wake ardhini. Waambie waupime. Wengi watavuta kamba moja kwa moja kutoka ncha hadi ncha, wapate meta 4.2, wazidishe kwa 2, na kujibu meta za mraba 8.4.

Mwalimu asiharakishe kusahihisha. Na wailaze kamba juu ya mchoro wenyewe, kisha wainyoshe. Watapata meta 6.6 hivi. Hapo ndipo kanuni iletwe: mzingo ni 22/7 mara kipenyo, yaani meta 13.2, na nusu yake ni 6.6.

Atakayeuliza sababu ya kuzidisha kana kwamba ukuta ni mstatili, apewe kopo lililoviringishiwa karatasi. Karatasi ikifunuliwa ni mstatili: urefu wake ni ule wa tao, kimo chake ni cha kopo. Basi eneo ni 6.6 mara 2, yaani meta za mraba 13.2.

Tofali pamoja na udongo wa kuungia likiwa na uso wa sentimeta 25 kwa 16, meta moja ya mraba hujazwa na matofali 25. Ukuta huo wataka matofali 330. Aliyepima kwa kamba ya moja kwa moja atafyatua 210 tu, apungukiwe na 120. Upungufu huo ukigunduliwa mvua zikianza, jua la kukaushia matofali ni haba, na ukuta mbichi usioezekwa humomonyoka.

Elimu ya Kujitegemea, andiko la Mwalimu Nyerere la mwaka 1967, lilidai shule ihudumie maisha ya kijiji. Kwa hiyo, kabla ya kipindi, mwanachuo atayarishe kamba, kigingi, kopo na karatasi. Zoezi la mwisho liwe kutoa eneo la mlango na kuongeza matofali ya kufidia yatakayovunjika.