Laptopu Mpya ya Bei Rahisi Ilinifunza Adabu

Wadau, leo sina utani. Dada yangu mdogo amepata barua ya kujiunga na chuo, na swali lake la kwanza halikuwa la hosteli wala la karo. "Brathe, ninunue laptopu gani na pesa ni kidogo?" Najua wengi wenu mnajiuliza vivyo hivyo, kwa hivyo wacha nijibu wote mara moja. Lakini nitaanza na aibu yangu mwenyewe.

Nilipoingia mwaka wa kwanza, mathe alikuwa amepokea zamu yake ya chama. Shilingi 30,000. Hiyo pesa ilikuwa ya mabati ya jikoni. Akanipa yote na kuniambia, "Nenda ununue ile kitu ya kusomea. Jikoni itangoja."

Nikaingia duka moja katikati ya Nairobi, taa kali, vioo kila mahali. Nikaiona. Ndogo, nyembamba, rangi ya dhahabu, bado iko kwa nailoni. Shilingi 28,500. Jamaa wa duka akanitazama mara moja tu akajua nimeshanasa. "Bosi, hii ni mpya kabisa. Hizo za mtumba zitakuliza baadaye." Sikuuliza swali hata moja. Kusema ukweli, nilitaka tu wenzangu waione darasani.

Kumbe ndani ilikuwa na RAM ya 4GB na hifadhi ya 64GB, ile aina ya eMMC iliyochomelewa kwenye ubao wa ndani. Huwezi kuitoa uweke kubwa zaidi. Windows ilipomaliza kujisasisha, nafasi iliyobaki ilikuwa ya kuhesabu. Nikifungua Word na kurasa tano za utafiti, mashine inasimama kama punda aliyegoma njiani.

Mwaka wa pili, usiku wa kuwasilisha kazi ya kikundi, ikaanza kujisasisha tena, nafasi ikaisha, ikakwama. Kazi nikaimalizia kwa simu ya rumeti saa tisa usiku, tukachelewa. Wenzangu wanne walikatwa alama kwa sababu yangu. Lakini kilichoniuma zaidi kilikuwa nyumbani. Likizo nilimkuta mathe anapika huku ameweka sufuria nyingine chini kukinga maji ya mvua. Akaniuliza, "Na ile mashine inakusaidia?" Nikamjibu, "Sana, mum." Uongo mtupu.

Sasa maoni yangu ni haya: kwa bajeti ya mwanafunzi, laptopu ya ofisi iliyotumika inaishinda mpya ya bei hiyo hiyo. Najua neno mtumba linatuchoma. Ajabu ni kwamba nguo za Gikomba tunavaa bila shida, lakini ikifika laptopu ghafla tunakuwa mabwanyenye. Zile watu huita ex-UK nyingi zilikuwa mashine za kampuni, na kampuni hubadilisha vifaa hata kama bado vinafanya kazi. ThinkPad X280, Latitude 7290, EliteBook 830 G5: hizi zilitengenezwa kwa kazi ya kila siku. Kioo ni cha inchi 12.5 hadi 13.3, inaingia kwa begi na mgongo hauumi.

Lakini mtumba nao una mitego yake. Ukienda dukani, fanya hivi kabla pesa haijatoka kwa simu.

Kwanza, usiridhike na "ni i5". Uliza namba inayofuata. i5-6300U ni kizazi cha sita, i5-8350U ni cha nane. Hapo ndipo wengi wanaumia, kwa sababu Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 bure kama kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa mashine za Intel, orodha rasmi ya Windows 11 karibu yote inaanzia kizazi cha nane. Ya kizazi cha sita bado inaweza kukufaa ukiweka Linux na LibreOffice, lakini ujue unachonunua, na bei ishuke.

Pili, RAM ya 8GB na SSD ya 256GB. Usishuke hapo. Uliza pia kama RAM inaweza kuongezwa baadaye. Kwa X280 imechomelewa, kwa 7290 unaweza kubadilisha.

Tatu, betri. Fungua dirisha la Command Prompt, andika powercfg /batteryreport. Utapata ripoti yenye uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Ikiwa imebaki nusu, hiyo ni sababu ya kuteta bei. Stima ikipotea jioni ya mtihani, hutakuwa na mtu wa kulaumu.

Nne, izime, iwashe, uingie BIOS. Ikidai nenosiri na muuzaji halijui, rudisha hapo hapo. Kisha bonyeza kila herufi ya kibodi, jaribu kamera, spika, kila tundu la USB, na wifi ukitumia hotspot ya simu yako. Chomeka chaja, tikisa waya pole pole.

Tano, risiti yenye namba ya mashine na muda wa waranti ulioandikwa. Maneno ya mdomo si waranti. Na laptopu isiyo na risiti huenda ni ya mwanafunzi mwenzako anayelia mahali.

Halafu uliza idara yako kabla ya kununua. Chromebook ni sawa kwa kuandika, ila angalia tarehe ya mwisho ya masasisho yake, na programu za takwimu za Windows hutaziweka humo. Wa usanifu majengo na video, nyinyi mnahitaji mashine yenye nguvu zaidi ya hizi.

Mimi hiyo ya pili nilijinunulia kwa pesa ya kuchapia watu kazi zao. Ndiyo ninaandikia sasa hivi, na kona moja imekwaruzika.

Juzi nilimwambia mathe ukweli wote. Akacheka. "Nilijua. Mtu mwenye mashine nzuri hashindi likizo nzima akiandika kwa simu."

Zamu yake ya chama imefika tena. Nimemwambia safari hii mabati yatangulia, na ya laptopu tutachanga mimi na yeye pole pole. Jumamosi nampeleka dada yangu mjini. Tayari ameniuliza kama kuna ya rangi ya dhahabu.