1979: Pakiti ya Maziwa na Kanuni za Viboko

Mwaka 1979, familia za Uswidi zilipoketi kupata kifungua kinywa zilikuta ujumbe mpya kwenye pakiti za maziwa: kumchapa mtoto sasa ni marufuku kisheria. Ujumbe ulikaa mezani, katikati ya mkate na vikombe, mahali ambapo baba, mama na mtoto mwenyewe aliyejua kusoma wangeuona.

Mwaka huohuo Tanzania nayo ilitoa kanuni kuhusu mtoto na fimbo. Zake zilieleza namna ya kuwachapa wanafunzi.

Waswidi hawakuwa wazazi wapole kupita wengine. Katika miaka ya 1960, zaidi ya watoto 9 kati ya 10 ambao hawajaanza shule walikuwa wakichapwa nyumbani. Bunge lilipitisha katazo kwa kura 259 dhidi ya 6, na likaanza kutumika tarehe 1 Julai, la kwanza duniani. Katazo lenyewe halikuambatana na kifungo. Atakayemjeruhi mtoto angekabiliwa na sheria ya jinai iliyokuwapo tayari. Nguvu zote ziliwekwa kwenye kuelimisha. Kijitabu kilipelekwa katika kila nyumba yenye mtoto mdogo, na kikatafsiriwa kwa lugha za wahamiaji. Kufikia miaka ya 2000, waliochapwa walikuwa wamebaki takribani 1 kati ya 10.

Mzazi anayetoka Tanga au Mombasa akahamia Stockholm hukutana na sheria hii mapema, na mara nyingi hukutana nayo kama tishio. Mwalimu wa chekechea na muuguzi wa kliniki wanawajibika kisheria kuwaarifu watu wa ustawi wa jamii wakishuku kwamba mtoto anaumizwa. Basi wenyeji humwonya mgeni: ukimgusa mtoto tu, wanamchukua. Mgeni huacha fimbo kwa hofu. Sababu yenyewe hakuna aliyemweleza.

Sababu iko mwilini mwa mtoto. Anapotishwa, mwili humwaga homoni za msongo, kotisoli ikiwa mojawapo. Moyo huenda mbio, misuli hukaza. Hofu ikipita na mtu mzima akamtuliza, mwili hurudi katika hali yake. Hofu ikiwa ya kila siku, ubongo unaokua hujijenga kwa ajili ya kukwepa hatari, na kumbukumbu, umakini na uwezo wa kujizuia huathirika. Mtazame mtoto aliyezoea viboko akiwa darasani: macho yako ubaoni, lakini masikio yanafuata nyayo za mwalimu nyuma yake. Mwalimu akiinua mkono kufuta ubao, yeye ameshainamisha kichwa. Hesabu zitaingia saa ngapi?

Athari hizo haziishii utotoni. Huko San Diego, Marekani, kati ya 1995 na 1997, madaktari Vincent Felitti na Robert Anda waliwauliza watu wazima zaidi ya 17,000 juu ya madhila waliyoyapata wakiwa watoto. Kadiri aina za mateso zilivyoongezeka, ndivyo uwezekano wa sonona, ulevi, kujaribu kujiua na hata maradhi ya moyo ulivyopanda.

Nchini Tanzania, kanuni za 1979 zilirekebishwa mwaka 2002, na viboko vinavyoruhusiwa vikapunguzwa hadi vinne. Fimbo ikabaki. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya vijana wa Tanzania, wa kike kwa wa kiume, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Agosti 2018, mkoani Kagera, mwanafunzi wa shule ya msingi alifariki dunia baada ya kuchapwa na mwalimu kwa tuhuma ya wizi.

Wanaotetea fimbo husema samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, lakini samaki mbichi hukunjwa kwa sababu ni laini, na kilicho laini hakihitaji nguvu.

Wala si kwamba mambo mema yote yako ughaibuni. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Katika wilaya ya Luwero, Uganda, shirika la Raising Voices liliwaketisha walimu na wanafunzi kutafuta nidhamu isiyoumiza mwili. Jaribio katika shule 42, lililochapishwa mwaka 2015, lilionyesha kuwa uwezekano wa mwanafunzi kupigwa na mwalimu ulishuka kwa asilimia 42. Zanzibar na Tanzania Bara zina vituo vya mkono kwa mkono hospitalini: daktari, polisi na afisa ustawi wa jamii chini ya paa moja, ili mtoto aliyetendewa ukatili asizungushwe. Wazo hilo linakaribiana sana na Barnahus, nyumba za watoto zilizoanzia Iceland mwaka 1998 na kufika Uswidi mwaka 2005. Namba ya bure ya kuripoti, 116, inajibiwa Tanzania na Kenya pia.

Kinachokosekana ni ile pakiti ya maziwa, yaani njia ya kumfikia mzazi kabla hajainua mkono. Nayo haiko mbali. Siku ya mizani kliniki, akina mama hujipanga kwenye benchi tangu asubuhi, kadi mkononi, mtoto mmoja mmoja akining'inizwa kwenye mzani huku akilia. Muuguzi huandika kilo, kisha huuliza kuhusu uji na chanjo. Hapohapo, kabla hajamwita anayefuata, angeweza pia kuuliza: akikosea, unamfanyaje?