Pipa Lilikotoka: Kwa Garimoshi Kando ya Mto Douro

Kila utamkapo neno pipa au mvinyo, watamka Kireno pasipo kujua. Maneno hayo yalifika pwani yetu pamoja na mabaharia wa Ureno. Huko kwao pipa lingali kipimo cha mvinyo, yapata lita 550 katika bonde la Mto Douro, kaskazini mwa nchi hiyo. Ukitaka kulijua bonde hilo, iache ndege, iache na motokaa; kata tikiti ya garimoshi.

Safari huanzia mjini Porto, katika stesheni ya São Bento. Usiharakie behewa. Kuta za ukumbi wake zimepambwa kwa vigae vipatavyo 20,000, kazi ya msanii Jorge Colaço, vikisimulia vita vya wafalme na maisha ya watu wa mashamba. Ukisha kupanda, keti upande wa kulia. Mwanzoni utaona viunga na mashamba ya kawaida. Kisha mto utajitokeza chini ya dirisha, nawe utafuatana nao hadi mwisho wa njia.

Ukipita Régua, milima imechongwa ngazi tangu mtoni hadi kileleni. Ngazi hizo ni kuta za mawe, zilizopangwa jiwe juu ya jiwe bila saruji, ili kuzuia udongo ambao watu waliupata kwa kuvunja mwamba. Mwenye motokaa hushughulika na kona za barabara. Wa ndege huona rangi ya kijani tu. Wewe wa garimoshi utaziona kuta moja baada ya moja, na katika kila moja utaona jasho la watu. Nyingine zimemezwa na vichaka: mizabibu yake iliuawa na mdudu filoksera katika karne ya 19, wala haikupandwa tena.

Shuka Pinhão. Vigae vya stesheni hiyo ndogo, vya mwaka 1937, vinaonyesha mavuno ya zabibu na mashua za tanga zilizoteremsha mapipa hadi Vila Nova de Gaia, kabla reli, na baadaye mabwawa, hazijazinyang'anya kazi.

Reli hukomea Pocinho, baada ya mwendo wa zaidi ya saa tatu. Zamani ilifika Barca d'Alva, mpakani mwa Hispania. Kipande hicho kilifungwa mwaka 1988.

Mipaka ya nchi hii ya mvinyo iliwekwa kwa sheria mwaka 1756, na tangu hapo majina ya wafanyabiashara wake yameenea duniani, yameandikwa chupani. Jina la mjenzi wa ukuta halikuandikwa popote. Lakini mwaka 2001, UNESCO ilipolitia bonde hili katika Urithi wa Dunia, haikuiheshimu chupa. Iliiheshimu milima iliyojengwa kwa mikono ya wakulima. Ukijaliwa kwenda na wanao, waonyeshe kuta hizo kwanza.